Simon's Town: Mji wa manowari uliotikisa pwani yetu

Asubuhi ya Agosti 27, 1896, saa tatu, manowari za Uingereza zilianza kulipiga mizinga kasri la Sultani mjini Unguja. Haikutimia saa moja, bendera ya Sultani ilikuwa imeshaanguka, jengo la kasri la Beit al-Hukm limekuwa kifusi, meli yake Glasgow imezama bandarini, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani, wameuawa au kujeruhiwa. Kisa hicho tulifundishwa shuleni. Hatukufundishwa alikotoka mwenye amri. Admirali Harry Rawson, aliyeziongoza manowari zile, alikuwa mkuu wa kikosi cha Rasi ya Tumaini Jema, na makao ya kikosi hicho yalikuwa kwenye mji mdogo ulioegemea mlima, kilomita zipatazo 40 kusini ya Cape Town. Mji huo ni Simon's Town.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Agosti 1895, Rawson huyohuyo aliwapandisha askari wake hadi Mwele, bara ya pwani ya Kenya ya leo, kwenda kuivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Kwa hiyo katika muda wa takriban mwaka mmoja tu, kamanda mmoja mwenye makao yake upande wa pili wa bara aliamua hatima ya watu wetu mara mbili. Vitabu vingi vya utalii huueleza mji wa Simon's Town kwa pengwini wake na mikahawa yake. Mimi naueleza kwanza kama sehemu ya historia yetu, kwa sababu yaliyotengenezwa pale yalikuja kutufikia sisi.

Mji wenyewe uliletwa na upepo. Waholanzi walipojenga kituo chao Cape Town katikati ya karne ya 17, walipata maji safi, mboga na nyama kwa ajili ya meli zinazokwenda Asia, lakini hawakupata bandari salama. Kuanzia Mei hadi Agosti, ambayo huko ni miezi ya baridi, upepo mkali wa kaskazini-magharibi huingia moja kwa moja katika ghuba ya Table Bay. Nanga zilikuwa zikiburutwa na meli zikitupwa ufukweni. Mwaka 1737 dhoruba moja iliangamiza meli nane za Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki. Nahodha yeyote wa jahazi wa Lamu au Nungwi, ambaye mwaka wake mzima hupangwa na kusi na kaskazi, angewaambia mapema kwamba bahari haibishaniwi. Kampuni ilielewa kwa hasara. Katika miaka ya 1740 iliagiza kwamba kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti meli zake zitie nanga upande wa pili wa rasi, ndani ya False Bay, mahali ambapo mlima huukinga upepo huo. Gavana Simon van der Stel alikuwa ameshaipima ghuba hiyo mwaka 1687, na jina lake ndilo lililobaki.

Mwaka 1743 likaanza kujengwa ghala la Kampuni, kukawa na hospitali ya mabaharia wagonjwa, na maisha ya mji yakaanza kufuata msimu wa meli. Ghala hilo bado lipo. Leo ni sehemu ya Makumbusho ya Jeshi la Majini la Afrika Kusini, na kuta zake nene zinaeleza jambo moja waziwazi: aliyezijenga alikusudia kukaa.

Hakukaa yeye. Juni 1795 manowari za Uingereza ziliingia ghubani humo na askari wakateremka. Mwezi Agosti walipigana na Waholanzi huko Muizenberg, kando ya ufuko huohuo, na haukupita muda rasi nzima ikawa mikononi mwao. Waliirudisha mwaka 1803, wakaitwaa tena mwaka 1806, na safari hii hawakuiachia. Mwaka 1814 walihamishia Simon's Town shughuli zao zote za jeshi la majini zilizokuwa Cape Town. Hapo ndipo kijiji cha msimu kilipogeuka kuwa mji wa karakana: maseremala wa milingoti, washona matanga, wafua vyuma, wapishi wa lami, wahesabu ghala. Chumba cha washona matanga baadaye kiligeuzwa kanisa, na waumini wakawa wanasali pale palipokuwa pakitandazwa turubai.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu karne hiyo ni ya maadmirali na nyumba yao nyeupe. Mimi ninavutwa zaidi na makaburi ya kale ya Seaforth, hatua chache kutoka katikati ya mji, ambako wamezikwa mabaharia Waafrika. Wengi ni Wakru, watu wa pwani ya Liberia na Sierra Leone, walioajiriwa na Jeshi la Majini la Uingereza kwa ustadi wao wa kuendesha mashua kwenye mawimbi makali na kwa kazi nzito ambazo Mzungu alionekana hazistahimili kwenye joto. Walikuwa na viongozi wao ndani ya meli na walifanya kazi kwa mikataba. Makarani wa meli hawakujishughulisha na majina yao ya kwao. Wakawaandika kwa majina ya mzaha, na orodha za manowari za wakati ule zina mtu mzima, fundi wa bahari, aliyeandikwa Bottle of Beer. Jina hilo ndilo alilolipwa nalo mshahara, na wengine wa aina yake walizikwa na majina hayohayo.

Upande wetu wa bara, kazi kama hiyo ilifanywa na wale ambao Waingereza waliwaita Seedies: mabaharia walioandikishwa Unguja, Aden na Bombay, wengi wao wenye asili ya Afrika Mashariki. Walipakia makaa, walichochea tanuri, walipiga makasia kwenye mashua zilizofukuza majahazi ya watumwa baina ya Pemba na bara. Baadhi yao walikuwa wenyewe wameshakuwa watumwa. Kikosi cha kuzuia biashara ya watumwa kimeandikwa sana kwa sifa za maofisa wake. Wapiga makasia hawakupata mwandishi.

Na wale waliookolewa? Baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, meli za watumwa zilizokamatwa baharini zilipelekwa Rasi, nyingine zikishusha watu wake hapohapo Simon's Town. Walikuwamo wengi kutoka pwani ya Msumbiji. Kwa sheria walikuwa huru. Kwa vitendo walikabidhiwa kwa mabwana kama wanagenzi kwa muda uliofika hadi miaka 14, na baadhi wakatiwa katika kazi za karakana na za meli. Wazao wao walichanganyika na wazao wa watumwa kutoka Indonesia, India na Madagaska, na hao ndio waliokuja kuwa mafundi na vibarua wa Simon's Town kwa vizazi. Lishike hilo, msomaji, maana litarudi kwa uchungu mkubwa mbele.

Reli ilifika mwaka 1890, ikiwa imetandikwa pembezoni mwa bahari kiasi kwamba mawimbi hurusha maji hadi kwenye mabehewa. Vita vya Makaburu vilipozuka mwaka 1899, mji ukafurika wafungwa. Walifungiwa katika kambi ya Bellevue, na wengi wakapelekwa uhamishoni St Helena na Ceylon. Mwandishi Mwingereza Mary Kingsley, aliyesafiri na kuandika sana kuhusu Afrika Magharibi, alikuja kuwauguza, akaambukizwa homa ya matumbo na kufariki pale Juni 1900. Alikuwa ameomba azikwe baharini, na ikafanywa hivyo. Uwanja wa kambi leo unachezewa gofu.

Kazi kubwa kuliko zote ilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Meli za chuma zilikuwa zimeshakuwa ndefu na nzito mno kwa karakana ya zamani, hivyo ikajengwa karakana mpya ya mashariki pamoja na gudi kavu, ambalo liliitwa Selborne kwa jina la Kamishna Mkuu wa wakati huo, na ambalo mwanafamilia wa kifalme, Duke wa Connaught, alilifungua Novemba 1910. Inafaa kueleza gudi kama hili linavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo roho ya mji ilipo. Ni shimo refu la mawe, urefu wake zaidi ya mita 200, lililochongwa ngazi ngazi pande zote mbili. Maji ya bahari huachwa yajae. Meli huingizwa taratibu kwa kamba, na watu waliosimama kingo zote mbili huivuta ikae katikati barabara. Lango hufungwa nyuma yake. Pampu huanza kuyatoa maji, na jinsi yanavyopungua ndivyo meli inavyoshuka mpaka uti wake ukae juu ya safu ya magogo yaliyopangwa sakafuni kwa kipimo cha umbo lake hasa. Gogo likikosewa, uti unaweza kupinda. Ndipo mafundi huteremka ngazi za mawe, na tumbo la manowari lote liko wazi juu ya vichwa vyao: chaza, mwani, kutu, rangi iliyobanduka, rafadha kubwa ya shaba. Hukwangua, hugonga, hupaka rangi, huziba. Kikishakamilika kila kitu, maji hurudishwa na meli huinuka yenyewe.

Wakati ule hakukuwa na gudi jingine la ukubwa huo pwani nzima ya Afrika Mashariki. Ukitaka kujua kwa nini Uingereza iliendelea kuung'ang'ania mji huu katika karne ya 20, jibu ni shimo hilo.

Miaka minne baada ya gudi kufunguliwa, Vita vya Kwanza vya Dunia vikafika, na pwani yetu ikaingia moja kwa moja. Kikosi cha Rasi wakati huo kilikuwa na manowari tatu kuukuu, Hyacinth, Astraea na Pegasus, chini ya Admirali Herbert King-Hall. Astraea iliipiga Dar es Salaam mizinga Agosti 8, 1914. Pegasus ilibaki Unguja, mitambo yake ikihitaji matengenezo. Alfajiri ya Septemba 20, ikiwa imetia nanga haiwezi kukimbia, manowari ya Kijerumani Königsberg iliifikia na kuipiga hadi ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na wengi wao wamezikwa kisiwani Chapwani, mkabala na mji wa Unguja. Fikiria tu umbali wa ajali hiyo na karakana: meli iliyohitaji gudi ilikuwa maelfu ya kilomita kutoka gudi lake.

Königsberg ilijificha kwenye matawi ya mto Rufiji, ndani ya mikoko, na King-Hall akaja mwenyewe kuizingira. Mafia ilitekwa Januari 1915 ili iwe kituo. Aprili mwaka huo Hyacinth iliifukuza hadi Manza, kaskazini ya Tanga, meli iliyokuwa ikiwaletea Wajerumani makaa na risasi. Iliipiga, lakini Wajerumani waliokoa sehemu kubwa ya shehena na kuitumia nchi kavu. Julai 11, 1915, meli mbili zilizoweza kupita kwenye maji machache, Severn na Mersey, ziliimaliza Königsberg mtoni. Mzinga wake mmoja na mzinga wa Pegasus sasa iko pamoja Fort Jesus, Mombasa. Watalii hupiga nayo picha. Laiti kibao chake kingewaambia pia kwamba Pegasus ilikuwa ya kikosi cha Simon's Town.

Katika Vita vya Pili vya Dunia Bahari ya Mediterania ilipokuwa hatari, misafara ya askari na silaha ilizunguka Rasi, na mji ukajaa mabaharia. Kutoka kipindi hicho, anayekumbukwa kuliko wote ni mbwa. Just Nuisance, mbwa mkubwa wa aina ya Great Dane, alikuwa na mazoea ya kupanda treni pamoja na mabaharia hadi Cape Town na kuwarudisha usiku wakiwa wamelewa. Shirika la reli lilipotishia kumuua kwa kutolipa nauli, jeshi la majini lilimwandikisha rasmi Agosti 25, 1939, ili apate haki ya kusafiri bure. Alikufa Aprili 1, 1944 na kuzikwa kwa heshima za kijeshi. Sanamu yake imewekwa uwanja wa Jubilee, na watoto wameisugua kichwa mpaka shaba inang'aa. Nampenda mbwa huyo kama wengine wanavyompenda. Hata hivyo inauma kwamba mbwa ana faili kamili la utumishi, lenye jina, cheo na tarehe, ilhali wapiga makasia wa Kru na wa Unguja tunawatafuta kwa tochi.

Mwaka 1955 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuikabidhi Afrika Kusini karakana, na makabidhiano yakafanyika Aprili 1957. Mkataba huo ulizipa manowari za Uingereza haki ya kuendelea kuitumia. Kufikia hapo, ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria ya nchi, na Simon's Town ikawa neno kali katika siasa za Jumuiya ya Madola. Serikali ya waziri mkuu wa Uingereza, Edward Heath, ilipotaka kuiuzia Afrika Kusini silaha, ikisema mkataba unailazimu, Mwalimu Nyerere alisimama mbele kabisa kupinga, pamoja na Kenneth Kaunda na Milton Obote. Mkutano wa Singapore wa Januari 1971 nusura uivunje Jumuiya. Obote alikuwa amekwenda huko kwa jambo hilohilo. Januari 25, kabla hajafika nyumbani, Idi Amin alikuwa ameshampindua. Mwishowe Uingereza iliuza helikopta saba za aina ya Wasp, na mkataba wenyewe ukafutwa Juni 1975. Vijana wengi wa leo wanamjua Mwalimu wa Azimio la Arusha na wa vita vya Kagera. Mwalimu aliyemkabili waziri mkuu wa Uingereza kuhusu karakana ya meli anastahili ukurasa wake pia.

Wakati viongozi wakibishana, wenyeji walikuwa wakihamishwa. Wakazi wa Luyolo, mtaa wa Waafrika juu ya mji, walipelekwa Gugulethu mwaka 1965. Septemba 1, 1967 mji ukatangazwa kuwa wa Wazungu peke yao. Kwa jumla watu wapatao 7,000 waliondolewa, wengi wao wakipelekwa Ocean View, upande wa pili wa mlima. Hawa ndio wale wazao wa watumwa na wa walioachiwa huru, watu ambao baba zao na babu zao walikuwa wametia misumari kwenye meli za wafalme. Karakana bado iliwahitaji, kwa hiyo waliokuwa wakienda kazini kwa miguu sasa walipanda basi kwenda kuufanyia kazi mji ambao hawaruhusiwi kulala ndani yake. Waliobomolewa nyumba waliziona zikibomolewa. Wale ambao nyumba zao waliuziwa wengine walizipita kila siku zikiwa na mapazia mapya.

Msikiti wa Alfred Lane haukubomolewa. Waislamu wamekuwapo mjini tangu enzi za Waholanzi, wengine wakiwa wafungwa wa kisiasa kutoka visiwa vya Indonesia, na kaburi la mmoja wao, Ismail Dea Malela wa Sumbawa, linazuriwa mpaka leo kwenye mteremko wa mlima. Baada ya kuhamishwa, waumini waliendelea kurudi kusali. Mji waliofukuzwa ukawa bado una adhana yao.

Familia ya Amlay ilikuwa ya mwisho kuondoka, mwaka 1975, na ya kwanza kurudi, mwaka 1995. Nyumba yao ya King George's Way sasa ina makumbusho ndani yake: chumba cha bibi harusi kilivyopambwa, nguo, vyombo vya jikoni, vitabu vya dini vilivyoandikwa kwa mkono, picha za wanafunzi wa madrasa, picha za mafundi wa karakana wamevaa makoti mazuri kwa ajili ya siku ya kupigwa picha. Hakuna mzinga hata mmoja. Kwa maoni yangu ndiyo makumbusho muhimu kuliko yote mjini, ingawa Makumbusho ya Simon's Town, katika jengo la mwaka 1777 lililowahi kuwa nyumba ya gavana wakati wa baridi na baadaye mahakama na jela, nayo imefanya kazi ya heshima kukusanya kumbukumbu za uhamisho huo.

Mji wa leo ni mahali pazuri, sitaki kuuficha uzuri wake. Mtaa wa St George's una majengo ya zamani yaliyopangana kando ya bahari, maduka ya vitabu na samaki wa kukaanga, boti za kwenda kuangalia sili na nyangumi, klabu ya mashua za matanga. Mlimani zimebaki nguzo za waya wa angani uliokuwa ukibeba wagonjwa na mizigo kutoka karakana. Kwenye ufuko wa Boulders, pengwini walianza kutaga mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu na wakati uvuvi wa nyavu kubwa ulipopigwa marufuku False Bay, na kutoka jozi chache wakafika maelfu. Wageni hutembea juu ya daraja la mbao wakiwatazama. Lakini mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliingizwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini zaidi kutoweka, kwa kuwa dagaa anaowategemea wanazidi kupungua, na hoteli zote zinazoishi kwa ndege huyo hazina budi kulijali hilo sasa.

Karakana nayo inaendelea. Hapo ndipo nyumbani kwa frigeti nne na nyambizi tatu za Afrika Kusini, na majina yao yanaonyesha nchi iliyobadilika: nyambizi Charlotte Maxeke, nyambizi Manthatisi, frigeti Mendi, iliyopewa jina la meli iliyozama mwaka 1917 na vibarua Waafrika zaidi ya 600. Ziliwahi kutumwa kaskazini katika mlango bahari wa Msumbiji kuzuia maharamia, kazi ambayo Tanzania iliitilia saini pamoja na Afrika Kusini na Msumbiji mwaka 2012. Tatizo ni fedha. Nyingi kati yake zimekaa miaka zikisubiri matengenezo makubwa, hatua chache kutoka gudi lilelile la Selborne.

Katika bonde la Dido, nje kidogo ya mji, nyumba mpya zimejengwa kwa familia zilizokuwa zikiishi vibandani Redhill na kwa baadhi ya waliodai haki ya kurudi. Kurudi kumechukua zaidi ya nusu karne, na wengi waliofukuzwa hawakuiona siku hiyo. Anayekwenda Simon's Town kutoka kwetu na aanzie King George's Way kwenye nyumba ya Amlay. Makaburi ya Seaforth yako njiani kuelekea kwa pengwini, na asiyapite.